Vita ya Diski Mbili na Sanduku Letu la Dola 380



Tangu tarehe 19 ya mwezi wa pili 2008, radio ziliposema kwamba kampuni Toshiba ya Japani inaacha kutengeneza mashini za HD DVD, wamama wengi wanatusimamisha njiani. Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa wasiwasi: "Mama mwalimu, ile mashini ya Marekani ndiyo imekufa?" Ndiyo, ni ile. Na kwa sababu feza zilizotaka kuinunua zilikuwa za chama chote, tumeona vizuri kuandika hapa mambo yote, ili hata wale ambao hawakufika katika mikutano ya mwezi wa kumi na mbili wajue kile tulichopima na sababu gani tulijibu namna tulivyojibu.

Munakumbuka namna sanduku lilivyojaa. Tangu mwezi wa ine mwaka jana, mbali na likelemba ya kila kikundi, tulikuwa tunatoa franka 200 kila juma. Kuna franka zilizofika zikinuka samaki na mafuta ya mawese. Kuna mama aliyetoa 200 zake, kisha akarudi nyumbani kwa miguu kutoka Kadutu akiwa na kikapo kichwani. Mwisho wa mwezi wa kumi, zilikuwa dola 380. Tulikuwa tumekubaliana zinunue mashini ya kuonyesha filme katika nyumba yetu ya mikutano: filme za mafundisho juu ya afya ya mama na mtoto, nyingine za kuwasaidia wamama wanaojifunza kusoma, na siku ya posho filme za watoto, kila mtoto akileta franka 50 ili sanduku lisikauke. Hakuna aliyekuwa anacheza. Dola 380 zilikuwa minervali ya watoto wengi, na sisi walimu, tuliokuwa tunakula kwa prime ya wazazi, tulijua hilo vizuri.

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, yaya yetu aliyekuwa katika chama mbele hajahamia Marekani alipiga simu. Alikuwa na furaha sana. Alisema kwamba siku ya tano, tarehe 2, maduka Wal-Mart yaliuza mashini ya HD DVD ya Toshiba kwa bei ya chini ya dola 100. Mashini ya kwanza ya aina hiyo, ilipotoka kule katika mwezi wa ine 2006, ilikuwa dola 499. Yaya alitaka tumutumie zile dola 100, na yeye mwenyewe alipe safari ya mzigo. Lakini jirani yake, naye mutu wa kwetu, alimwambia aache hiyo, anunue Blu-ray. Eti wiki ileile Sony ilitoa PlayStation 3 ya dola 399 ambayo watoto wanachezea michezo, na ndani yake inasoma diski za Blu-ray pia. Yaya akasema: "Wadogo zangu, muchague ninyi. Lakini muchague upesi, bei hii haitarudi."

Kamati ilitupa sisi walimu kazi ya kutafuta. Tulikwenda mara tatu kwenye nyumba ya intaneti, kwa feza zetu, tukasoma, tukauliza kijana mmoja anayetengeneza televizio, tukaandika katika kaye. Mambo tuliyopata ndiyo haya.

Diski zote tatu, DVD tunayoijua, HD DVD na Blu-ray, zina upana uleule wa santimetre 12. Ukizishika mkononi, jicho halitofautishi upesi. Tofauti iko katika mistari. Juu ya diski kuna mustari mmoja mwembamba sana unaozunguka kutoka katikati mpaka ukingoni, na picha zimeandikwa juu yake kwa alama ndogondogo. Mashini inasoma alama hizo kwa mwangaza. Basi mufikiri shamba la maharagi. Ukipanda mistari mbalimbali, shamba litajaa upesi na mavuno yatakuwa kidogo. Ukisogeza mistari karibu, shamba lilelile linakupa zaidi. Katika DVD, mustari na mwenzake wameachana nanometre 740. (Nanometre moja ni milimetre iliyogawanywa mara milioni moja, tusijaribu kuipima kwa rula.) Katika HD DVD ni 400. Katika Blu-ray ni 320. Ili kusoma mistari iliyo karibu namna hiyo, mwangaza mwekundu wa DVD, wenye urefu wa wimbi nanometre 650, ni mnene sana, sawa vile sindano ya kushona magunia haiwezi kudarizi kitambaa cha meza. Kwa hiyo mashini zote mbili mpya zinatumia mwangaza wa bluu ya zambarau, wa nanometre 405.

Mavuno ya shamba ndiyo haya: DVD ya tabaka moja inabeba giga 4,7. HD DVD inabeba giga 15, Blu-ray giga 25. Zikiwa na tabaka mbili, HD DVD inafika 30 na Blu-ray 50. Na kwa nini mutu atafute nafasi yote hiyo? Kwa sababu ya picha. Picha moja ya DVD kama zile za Ulaya ina nukta 720 kwa 576, ni kusema kidogo zaidi ya 400.000. Picha kamili ya aina mpya ina nukta 1.920 kwa 1.080, zaidi ya milioni mbili. Ni mara tano. Wale walioiona wanasema unaweza kuhesabu majani ya mti.

Kusikia hivyo, kila mutu anajibu upesi: basi Blu-ray ni bora, inabeba zaidi. Sisi pia tungejibu vile katika interro. Lakini HD DVD ilikuwa na akili yake. Alama zake zimefichwa chini ya plastiki ya milimetre 0,6, sawa kabisa na DVD ya kawaida. Kwa sababu hiyo viwanda vya DVD viliweza kugeuzwa kidogo tu na kuanza kutoa HD DVD, na bei ikawa chini. Blu-ray ina ngozi ya milimetre 0,1 tu juu ya alama zake. Ni lazima kuipaka kitu kigumu ili isikwaruzwe, na kiwanda kinahitaji mashini mpya. Jambo lingine: HD DVD haikuwekewa mipaka ya nchi. Blu-ray imeigawanya dunia katika sehemu tatu. Marekani na Japani ziko katika A, sisi Waafrika tuko katika B pamoja na Ulaya. Diski ya Blu-ray yenye kufungwa kwa A haifunguki katika mashini ya B. Si zote zimefungwa, lakini nyingi. Mwenye ndugu Ubelgiji angekuwa salama; sisi wetu yuko Marekani. Kwa mwanamke mwenye kupata vitu kupitia mizigo ya ndugu wa mbali, hiyo HD DVD isiyo na mipaka ilikuwa jambo kubwa, na tunasema wazi kwamba kwa siku mbili ilikuwa karibu kutushinda.

Kwa nini walitengeneza mbili? Hapa kuna historia inayofanana na ya familia zetu. Katika miaka ya 1990, wakati DVD ilikuwa haijazaliwa, kulikuwa pia makambi mawili: Sony na Philips upande mmoja, Toshiba na wenzake upande mwingine. Kampuni kubwa za ordinateri, kati yazo IBM, ziliwaambia: sisi hatutaki mbili, mupatane. Wakapatana mwaka 1995. Ndiyo sababu leo DVD yoyote unayonunua Kadutu inaingia katika mashini yoyote, ya Wachina ao ya Wajapani. Mwaka 2005 walikaa tena, kwa ajili ya diski hizi mpya. Walizungumza, hawakupatana. Kila mmoja alikuwa amekwisha kutumia feza nyingi katika diski yake. Na kila mmoja akaenda kutafuta mashahidi huko Hollywood, kwa wale wanaotengeneza filme.

Hapo ndipo mnunuzi alianza kuteseka. Filme za Universal zilitoka kwa HD DVD tu. Za Disney, za Fox na za Sony wenyewe zilitoka kwa Blu-ray tu. Warner ilitoa kwa zote mbili. Paramount nayo ilitoa kwa zote mbili, kisha katika mwezi wa nane 2007 ikahamia HD DVD peke yake, pamoja na DreamWorks wanaotengeneza filme za watoto kama Shrek. Mama wa kule Marekani ambaye mtoto wake anapenda Shrek na pia filme za Disney alitakiwa kuwa na mashini mbili chini ya televizio moja! Kampuni LG ilitoa mashini moja ya kusoma aina zote mbili, mwanzoni mwa 2007, kwa dola 1.199. Tulipoisoma bei hiyo mbele ya kamati, mama mmoja aliuliza kama nyumba iko ndani yake.

Wakubwa kati yetu wanakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza. Sony ilitoa kaseti ya Betamax mwaka 1975. JVC ikatoa VHS mwaka 1976. Watu wengi waliipenda picha ya Betamax, lakini kaseti yake ya kwanza ilishika saa moja tu, na VHS ilishika saa mbili. Filme nzima inahitaji karibu saa mbili. Hesabu ni nyepesi. Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza mashini za VHS. Ndiyo maana kaseti ambazo sisi tuliziona utotoni, wakati wa Zaïre, tukichungulia dirishani kwa jirani mwenye televizio, zote zilikuwa VHS. Hatukujua kwamba kulikuwa na nyingine iliyokufa.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu tulipomaliza kusoma mambo ya Hollywood tuliona kwamba swali lote la Yaya, hii ao ile, halikuwa swali letu.

Kwanza televizio. Tulikuwa tunafikiri kununua ya tumbo, ya mitumba, na hiyo haiwezi kuonyesha zile nukta milioni mbili. Ukiweka diski mpya yenye uzuri wote ndani ya televizio ya zamani, unapata picha ya zamani. Ni sawa na kununua soya bora kisha kuipika bila kuisaga. Televizio bapa yenye kufaa ilikuwa inapita mara nyingi sanduku letu lote.

Halafu umeme. Mashini nyingi zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa volti 110 mpaka 120. Huku ni 220, na munajua hizo 220 zenyewe namna zinavyofika: leo 160, kesho unasikia "paa!" na balbu zote za avenyu zimekwenda. Mashini ya Marekani ingehitaji transfo yake, na transfo nzuri si bei ya mchezo.

Halafu diski zenyewe. Tulitembea Kadutu na Nyawera, meza kwa meza. Tulikuta filme za Nigeria, za Kinshasa, nyimbo za kwaya, mahubiri, karate. VCD na DVD, nyingi zimekopiwa na mutu ambaye hakuomba ruhusa. HD DVD hatukuiona hata moja. Blu-ray hatukuiona hata moja. Mchuuzi mmoja alifikiri tunatafuta dawa ya nguo. Na zile filme za afya ambazo tulitaka kuwaonyesha wamama, za kunyonyesha, za malaria, za kuchanja watoto, tulizozipata zote zilikuwa DVD ao VCD. Ni kweli mashini za Blu-ray na HD DVD zinasoma DVD za kawaida pia. Lakini basi tungelipa safari na transfo ili kufanya kazi ambayo mashini ya dola 35 ya hapa inaifanya. Tena DVD zenyewe za Yaya zingekuwa na mpaka: Marekani ni sehemu ya 1, sisi ni ya 5.

Tuliyaleta hayo katika mkutano wa mwezi wa kumi na mbili. Haukuwa mkutano mtamu. Wadogo zetu, wale wa miaka ishirini na kitu, walisema kwamba sisi walimu tunapenda vitu vya zamani, kwamba kila mara Afrika inapewa mabaki na safari hii tungepata kitu kipya sawasawa na Wamarekani. Neno hilo lina ukweli ndani yake na liliwachoma wengi, hata sisi. Mama mmoja mzee alijibu: "Binti yangu, kitu kipya ni kile kitakachofanya kazi siku ya posho." Mwingine akauliza swali ambalo lilinyamazisha nyumba: kama wenyewe, wenye viwanda, bado wanapigana, nani atatutengenezea mashini hii siku ikivunjika? Hakuna aliyejibu. Hapo tarehe 4 ya mwezi wa kwanza ilikuwa bado kufika, na hatukuwa waaguzi. Hatukusema HD DVD itashindwa. Tulisema tu kwamba feza za wamama 34 haziwezi kuingia katika vita isiyo yetu. Tulipiga kura kwa kuinua mkono: 21 walikataa mashini zote mbili, 9 walitaka HD DVD, 4 hawakuinua mkono.

Jambo gumu lilikuwa kumwambia Yaya. Alikuwa amekwisha kumwomba rafiki yake nafasi katika mzigo. Tulimpigia siku ya Mungu, baada ya ibada, tukijua yuko nyumbani.

"Yaya, tumefikiri. Usinunue kwanza."

Alinyamaza. Kisha: "Munakataa zawadi yangu?"

"Hatukatai mkono wako, Yaya. Tunaomba mkono huo usubiri."

"Mimi niko huku, ninaona. Ninyi muko huko, munasoma kwenye intaneti."

Mama mzee akachukua simu, akamwita mwanangu, akamuuliza habari za watoto na baridi, wakaongea mpaka yuniti zikaisha. Lakini tangu siku ile, mpaka mwisho wa mwezi wa pili, Yaya hakupiga simu, na sisi tulipopiga alijibu kwa ufupi. Mutu aliye mbali anataka awe na kitu chake katikati yetu, kitu ambacho watoto wataonyesha kwa kidole wakisema: hii ilitoka kwa mama fulani wa Marekani. Hilo halina giga. Hatukulipima katika kaye yetu, na lilikuwa zito kuliko yote tuliyoyaandika.

Kisha habari zikafuatana. Tarehe 4 mwezi wa kwanza, Warner ilitangaza kwamba itaacha HD DVD na kubaki na Blu-ray peke yake. Wenye HD DVD walikuwa wamepanga mkutano wa waandishi huko Las Vegas siku chache baadaye, waliufuta. Tarehe 11 mwezi wa pili, maduka Best Buy yalisema yatasukuma Blu-ray, na Netflix, waliokuwa wanakodisha filme kwa posta wakati ule, wakasema vilevile. Tarehe 15 ikawa zamu ya Wal-Mart, walewale waliouza kwa chini ya dola 100. Siku ine baadaye, prezidenti wa Toshiba, Bwana Atsutoshi Nishida, akasimama mbele ya waandishi Tokyo na kusema wanaacha. Siku hiyohiyo Universal ikahamia upande mwingine. Miaka miwili haikuisha tangu mashini ya kwanza itoke. Na ukiuliza nani aliamua vita, wengine watasema Warner. Sisi tunafikiri ni watoto. Mamilioni ya nyumba yalinunua PlayStation 3 kwa sababu ya michezo, na Blu-ray ikaingia nyumbani imejificha ndani yake, mama bila kuulizwa.

Feza zetu zilifanya nini? Televizio ya mitumba, dola 150. Mashini ya DVD inayosoma VCD pia, dola 35, kutoka kwa mchuuzi ambaye tunajua nyumba yake. Regilatere ya kulinda umeme, dola 30. Zilibaki 165. Tulianza kuonyesha filme siku ya posho ya pili ya mwezi wa kwanza. Watoto walikuwa 60 na zaidi, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni ili waingie kwa franka 50 moja. Tulifumba macho.

Na hapo likatokea jambo ambalo hatukulipanga. Mama mmoja mjane, wa kikundi cha sabuni, alikuja na kitu kimefungwa katika kitenge. Ilikuwa kaseti ya VHS ya ndoa yake, ya mwaka 1991. Mume wake alikufa. Kaseti ile ilitoka pamoja naye vita ilipofika Bukavu mwaka 1996. Aliacha sufuria, aliacha godoro, akabeba kaseti. Aliuliza: "Mashini hii yenu inaisoma?" Haiisomi. Mashini ya kaseti iliyokuwa kwa jirani yake iliharibika siku nyingi, na hakuna tena duka linalouza nyingine. Miaka saba hajaisikia sauti ya mume wake, na watoto wake wawili wadogo hawajapata kuijua.

Tulimpeleka kwa yule kijana mwenye kutengeneza televizio. Anayo mashini moja ya VHS, mzee, anaisafisha kichwa kwa alkoli na kitambaa. Anaunganisha nyuzi, kaseti inacheza mwanzo mpaka mwisho na ordinateri inaandika juu ya DVD. Anaomba dola 8 kwa kaseti moja. Kamati ilikubali sanduku lilipe za kaseti sita za kwanza, dola 48. Ya mjane ilikuwa na ukungu mweupe ukingoni, na katikati picha inaruka. Lakini ile sehemu mume anasema "ninakubali" inasikika wazi. Tuliiweka katika televizio ya chama siku ya kazi, mlango umefungwa, ndugu zake tu. Hatutaandika yaliyopita mle ndani.

Tulimweleza Yaya hayo kwa ujumbe wa simu, mwisho wa mwezi uliopita. Alipiga siku ileile usiku. Hakusema lolote juu ya HD DVD. Aliuliza: "Ile ya ndoa yangu iko kwa nani?" Iko kwa shangazi yake, Panzi, ndani ya sanduku la chuma. Akasema atatuma dola 8, na tukikataa tena atakasirika kweli.

Sasa wadogo zetu wanasema: Blu-ray imeshinda, vita imekwisha, tuanze kuiwekea feza. Tunawasikia. Mwanzoni mwa 2008 bei ilikuwa bado mamia ya dola, televizio ilikuwa ileile ya tumbo, na diski zilikuwa hazijafika Kadutu. Tena tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili limepasua ukuta wa nyumba ya mikutano upande wa dirisha, mpaka mkono unapita. Zilizobaki ni dola 117. Sisi tunafikiri ni za ukuta, lakini mkutano wa tarehe ya mwisho wa mwezi ndio utakaoamua, na kila mmoja aje na neno lake.

Kwa wale wenye kaseti: nafasi mbili bado ziko kati ya zile sita. Muzilete siku ya tatu, saa nane, nyumbani kwa mama mshika sanduku. Usijaribu kuicheza kwanza kama imelowa ao ina ukungu, na usiianike kwenye jua. Uifunge katika kitambaa kikavu, uilete vile ilivyo. Andika juu ya karatasi jina la mwenye ndoa na mwaka. Ukiisha kupata DVD, uombe kopi ya pili na uiweke katika nyumba nyingine, kwa dada ao kwa mkwe, mbali na joto na mwangaza wa jua, kwa sababu diski za kuandikwa namna hii nazo zinazeeka. Na kaseti yenyewe usiitupe.